Mabwawa Yaliyopigwa Pasi

Mume wangu anaitwa Pasi, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na watu wa mtaani enzi zile alipokuwa dobi wa nyumba ya wageni karibu na stendi, akipiga pasi mashuka kutwa nzima mpaka vidole vinanuka moto. Nyumba ya wageni ikafungwa, jina likabaki. Na linamfaa. Mpaka leo anapiga pasi soksi. Anapiga pasi vitambaa vya kufutia vyombo. Siku moja nilimkuta kasimama na pasi mkononi anaukodolea macho mto wa kochi, nikamwambia, "Thubutu." Akairudisha pasi mahali pake.

Simsemi kwa ubaya. Kuolewa na mtu nadhifu ni bahati, waulizeni wenzangu wanaookota suruali za wanaume zao kila chumba. Ila mimi nilichelewa kujua kwamba unadhifu wake una mzizi, na mzizi wenyewe ni aibu. Katika watu wote ninaowajua hakuna anayeona aibu upesi kama yeye. Akimwaga chai mbele ya wageni, anaikumbuka wiki nzima. Akikosea jina la mtu, anabadili njia asije akakutana naye tena. Wengine tukiumbuka tunacheka, yakaisha. Yeye hayamwishi.

Sasa baba yangu. Baba ni kinyume chake kabisa. Ana kelele, ni mbishi, anajisifu bila kuombwa, na kwenye karata alikuwa mwizi hodari mpaka macho yalipomwacha. Tangu asione, anadai sisi ndio tunaomwibia. Tunakaa naye katika nyumba aliyoijenga Pasi, chumba chake ni kile cha mbele kinachopakana na sebule, na kutwa nzima tunaongea, mimi kwenye cherehani yangu, yeye kwenye kiti chake, tukipokezana maneno kama majirani wawili waliogombana na kupatana.

Kazi yake ya maisha ilikuwa kutunza mabwawa ya majitaka ya mji. Yapo nje kidogo, ukipita nyumba za mwisho. Maji ya kila choo na kila sinki yanafika pale, yanaingia bwawa la kwanza, yanatulia, yanasogea la pili, na kuendelea hivyo hivyo mpaka yakifika mabwawa ya chini yameshakuwa maji ya kustahiwa, yanaachiwa kwenda mtoni. Ya juu yananuka, hilo halina mjadala. Lakini yale ya chini hayanuki sana, na huko ndiko walikokuwa ndege wa baba. Walikuwa wengi mno. Bata mwitu, yangeyange weupe wenye miguu mirefu, kukuziwa weusi wanaojificha kwenye matete, na vile vindege vidogo vya kukimbia topeni, kitwitwi, ambavyo vikiruka pamoja vinalia mpaka unasahau uko wapi. Mimi nililelewa na sauti hizo. Baba aliwaita "watu wangu," na hakuwa anatania.

Macho yake yalikufa kwa presha ya macho. Yalianzia pembeni, akawa anagonga milango, sisi tunamcheka kwamba amezeeka, kumbe dunia inajifunga kwake kutoka kando kuja katikati. Alipoona hawezi tena kutembea kwenye kingo za mabwawa bila kuhatarisha maisha, alikwenda ofisini akiwa ameshikwa mkono na mume wangu. Wakati huo Pasi alikuwa hana kazi, anashinda nyumbani anapiga pasi nguo ambazo hazijakunjamana. Baba akamwambia msimamizi, "Huyu ni mwanangu. Mkimkataa yeye, mmenikataa mimi." Wakamchukua. Mume wangu hakuwahi kusahau maneno hayo. Baba wakwe wengi huwavumilia tu wakwe zao, huyu alimwita mwanangu mbele ya wakubwa.

Lazima niseme jinsi baba alivyokuwa akiyatunza yale mabwawa, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Ukweli ni kwamba yalikuwa yanatia kinyaa. Mabwawa ya chini hayakujaa hata siku moja. Moja analiacha likauke mpaka tope linatoka nje, likishapasuka pasuka analirudishia maji na kushusha la jirani yake. Matete aliyaacha yakasimama upande mzima, marefu kuliko mtu. Kingo zilikuwa zimeliwa, zimelala, hujui maji yanaishia wapi na ardhi inaanzia wapi. Aliyepita pale alisema mtunzaji ni mvivu. Mume wangu naye aliamini hivyo, ila adabu ilimzuia kusema.

Siku zake za kwanza kazini, mwanamke mmoja alipita njiani na mtoto mgongoni, akaziba pua, akamwambia, "Pole na kazi ya mavi, kaka." Labda alisema kwa huruma. Pasi alirudi nyumbani uso umemshuka, akaoga mara mbili, akakaa kitandani na taulo shingoni. Aliniambia, "Mke wangu, nitayafanya yale mabwawa yapendeze mpaka mtu apite aone haya kuziba pua."

Na aliyafanya. Haki yake nampa. Lango moja la kupitishia maji, lililokuwa limekwama kwa kutu, alilifungua, akalipaka grisi, akalirekebisha mpaka linapanda na kushuka kwa kidole. Akajaza mabwawa yote hadi ukingoni, tope likafunikwa lote. Matete akayafyeka, kisha akang'oa mizizi yake. Kingo akazichonga zikanyooka, akazipanga mawe, mawe akayapaka chokaa. Akapanda majani mafupi, akawa anayakata kwa mkasi mkubwa kama kinyozi. Wakubwa walipokuja kukagua, walisimama pale wakashangaa. Walimpiga picha, wakaitundika kwenye ukumbi wa ofisi. Siku hiyo alirudi anatembea kama bwana harusi, na mimi nilimpikia vizuri, na baba alimpongeza bila kujua anapongeza nini.

Yaliyofuata nimeyajua baadaye, kutoka kinywani mwake mwenyewe, kwa kumvuta neno moja moja. Wakati yanatokea sikujua lolote. Mabwawa ni mbali na mimi na cherehani yangu, na nani anakwenda kutembelea majitaka kwa hiari?

Ndege hawakuondoka siku moja. Walianza kitwitwi. Wale chakula chao kipo topeni, wanachokoa wadudu kwenye ukingo wa maji, na sasa ukingo ulikuwa jiwe lenye chokaa. Walizunguka, walilia, wakaenda zao. Yangeyange wakafuata, maana ndege anayevua kwa kusimama anataka maji ya kufika magotini, na pale palikuwa na kina cha kumzamisha. Kukuziwa walibaki wanaogelea katikati ya maji matupu wakiangaza angaza, hawana pa kuficha mayai, kisha nao hawakuonekana. Bata mwitu walivumilia zaidi ya wote. Asubuhi moja Pasi aliwaona wakitua, wakazunguka bwawa zima, wakaruka tena bila hata kuzamisha mdomo.

Hapo alielewa. Si mjinga, mume wangu. Alisimama na mkasi wake wa majani akayatazama maji yaliyonyooka kama shuka la kitanda cha mgeni, akajua ni yeye. Mtu mwingine angekuja nyumbani akasema, "Baba, nimeharibu, nisaidie." Dakika mbili za aibu, mambo yanaendelea. Lakini nimeshawaambia ni mtu wa namna gani. Angemwambiaje mzee aliyemwita mwanangu mbele ya wakubwa kwamba amewafukuza watu wake?

Na baba, kila jioni, akisikia lango la ua tu, anapaza sauti, "Haya, mwanangu! Habari za watu wangu?"

Mara ya kwanza Pasi alijibu, "Wapo, baba." Neno dogo tu. Angeweza kuishia hapo kama baba angekuwa mtu wa kuridhika na neno dogo. Baba anataka kujua wapo wapi, wanafanya nini, nani kagombana na nani. Basi mume wangu akaanza kutunga. Bata wameongezeka. Yangeyange mmoja amemeza chura mkubwa akakaa na shingo imevimba kutwa nzima. Baba anacheka mpaka anapiga mkono wa kiti. Kesho yake inabidi aje na lingine. Mimi kwenye cherehani nasikiliza, natabasamu, najiambia, kumbe huyu mtu wangu ana maneno! Miaka yote hii alikuwa ameyaficha wapi?

Kisha kukuziwa akaangua vifaranga, pale penye matete ambayo hayakuwepo. Kimoja kati ya vifaranga kilikuwa kinachechemea. Sijui kwa nini alikitunga hicho. Nilipomuuliza baadaye alisema mwenyewe hajui, kilimtoka tu. Lakini baba alikipenda kile kifaranga kupita maelezo. Akakiita Mchechemeaji. Kila jioni, kabla hata ya kuuliza wengine, "Na Mchechemeaji? Amekula? Wenzake hawamwonei?" Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi anamwomba Pasi awahi akamtazame. Na Pasi anawahi. Anatoka na ovaroli yake iliyopigwa pasi, anakwenda kusimama kwenye maji matupu, anarudi anasema, "Yupo, baba. Amejificha chini ya mama yake."

Sasa nikifikiria hayo nasikia joto usoni, kama vile niliyasema mimi.

Haikupita muda baba akaanza kudai apelekwe. "Macho sina, masikio ninayo. Nipelekeni nikawasikilize, nimsikie na huyo kilema wangu." Mume wangu ana sababu tayari kila mara. Njia ina utelezi. Wanachimba bomba. Leo upepo mbaya, harufu imepanda. Baba anaguna, ananyamaza, siku mbili tatu anaanza tena. Mimi nikaona, mume wangu amechoka na kazi, ngoja nimpunguzie. Nikapanga safari bila kumwambia. Nilidhani nawapa wote wawili zawadi.

Tulikwenda kwa teksi, baba amevaa shati lake la kutokea, amechana nywele kama anakwenda kuposa. Njiani alimweleza dereva habari za Mchechemeaji mpaka dereva akasema na yeye angependa kumwona. Tukashuka, nikamshika baba mkono, dereva akatufuata, tukapita mabwawa ya juu tumeziba pua, tukafika ya chini.

Pasi alikuwa amepiga magoti anakata majani. Aliinua uso akatuona. Sijawahi kuona mtu akibadilika rangi namna ile. Alisimama, mkasi ukamwanguka. Mimi nikatazama mbele yangu nikawa simwelewi, wala sielewi ninachokiona. Maji yamejaa pomoni. Mawe meupe yamezunguka. Hapana tete, hapana tope, hapana unyoya. Palikuwa safi, na palikuwa kimya kuliko chumba cha maiti.

Baba aliinamisha kichwa upande, kama afanyavyo akisikiliza taarifa ya habari. Akangoja. Akageuza sikio la pili.

"Wako wapi leo?" akauliza.

Nikamtazama mume wangu. Nikasema moyoni, sema sasa, mwanamume wewe, sema. Akanitazama kwa macho ya kuomba, akamgeukia baba, akasema, "Wapo, baba. Wametapakaa hapo mbele yako. Wengi tu."

Mbele ya macho yangu! Nilishikwa na aibu ambayo sikujua niipeleke wapi. Nilitamani dereva asiwe amesikia, naye alikuwa nyuma yetu, anatazama maji, anamtazama Pasi, anatazama maji tena.

"Wapo?" baba akasema. "Mbona siwasikii?"

Upepo ulivuma kidogo. Baba alisogea hatua, akatega tena sikio. Kisha akasema polepole, si kwa kutuambia sisi, "Basi na masikio nayo." Akarudia, "Na masikio nayo yananiacha."

Mnielewe vizuri. Yule mzee hakufikiri hata kidogo kwamba anadanganywa. Kati ya kuamini kwamba mkwe wake ni mwongo na kuamini kwamba yeye mwenyewe anakuwa kiziwi juu ya upofu, alichagua ukiziwi. Halikumjia hata wazo la kuchagua.

Ndani ya teksi nilimwambia, "Baba, mbona mimi unanisikia?" Akanijibu kwa sauti ya juu, kama viziwi wanavyoongea, "Wewe una sauti nene, mwanangu. Ndege wana sauti nyembamba. Hata macho yalianza hivi hivi, pembeni pembeni, nikasema si kitu." Dereva alitazama barabara yake. Nyumbani baba alizima redio, akasema ya nini kuzoea kitu kinachoondoka. Aliacha kupaza sauti lango likilia. Alikaa kitini mikono imelala mapajani, akigeuza kichwa kila sauti ilipotokea, kuipima imepungua kiasi gani.

Jioni ya siku ile nilijifungia na Pasi chumbani. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo, na mengine niliyaokota hapo hapo. Ndipo akanisimulia, ameketi ukingoni mwa kitanda, anakunja na kukunjua shati. Nikamwambia, "Nenda kamwambie. Sasa hivi. Hujui unamfanyia nini yule mzee."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho."

"Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Akaniangukia. Mume wangu, mtu mzima, alipiga magoti sakafuni akasema, "Nakuomba, lisitoke kwako. Litoke kwangu mwenyewe. Niachie angalau hilo." Nikamwachia. Lakini kesho ikawa kesho, na baba mwenyewe ndiye aliyetangulia. Alitaka apelekwe kwa daktari wa masikio, na alitaka apelekwe na mkwe wake, kwa kuwa mkwe wake ndiye shahidi. Tulikwenda wote watatu.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Alimvalisha baba vile vidude vya masikioni, akamwambia, "Shikamoo, mzee. Ukisikia mlio wowote, hata mdogo, inua kidole." Baba akafumba macho, sijui kwa nini, macho yenyewe hayaoni. Akainua kidole. Akainua tena. Daktari anapunguza, baba anainua. Milio ya mwanzo ilivuja hadi nilipoketi karibu, ya mwisho sikuisikia hata kidogo, na kidole cha baba kikapanda.

"Mzee," daktari akasema huku anacheka, "masikio yako ni mazima kabisa. Yanamzidi binti yako hapa."

Nilidhani baba atafurahi. Alitikisa kichwa. "Daktari, mwanangu, usinipake mafuta. Mashine yako imekosea. Mimi nilisimama ukingoni mwa bwawa lenye ndege tele, sikusikia hata mmoja. Mkwe wangu huyu hapa alikuwepo, aliwaona kwa macho yake." Akageukia upande aliokaa Pasi. "Mwambie daktari, mwanangu. Mwambie ndege walikuwa wengi kiasi gani."

Pasi anatazama viatu vyake.

"Mwambie tu, usimwonee haya. Anataka kunisaidia."

"Hawakuwepo, baba."

"Nani?"

"Ndege. Hawakuwepo hata mmoja." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini tumeshaambiwa masikio ya baba ni mazima. "Walishaondoka zamani. Ni mimi niliyeharibu. Nilifyeka matete, nikafunika tope, nikajaza maji. Wakaondoka."

Baba akauliza, "Bata?"

"Waliondoka, baba."

"Kukuziwa?"

"Nao pia."

"Na Mchechemeaji?"

Mume wangu akasema, "Hajawahi kuwepo. Nilimtunga."

Daktari alichukua vile vidude vya masikioni akaanza kuvifuta kwa pamba, akavifuta, akavifuta, vilikuwa visafi tangu mwanzo. Mimi nilitazama ukuta. Kulikuwa na mchoro mkubwa wa sikio, na ninaukumbuka wote mpaka leo, kwa vile sikuwa na ujasiri wa kutazama pengine popote.

"Basi masikio ni mazima," baba akasema.

"Ndiyo, mzee," daktari akajibu.

"Ahsante, mwanangu." Akasimama. Pasi aliruka kumshika kiwiko, kama alivyomshika siku zote, tangu macho yalipoanza kwenda. Baba hakumsukuma. Alikitoa kiwiko chake taratibu, kama mtu anayenasua shati kwenye msumari, akanyoosha mkono wa pili hewani. "Binti yangu, uko wapi?"

Tangu siku hiyo baba hakumtukana, hakumlaumu, wala hakumsema kwa watu. Laiti angemtukana! Ingekuwa nafuu kwetu sote. Aliwasha redio yake, akapata tena hamu ya kula, akabishana na mimi kama kawaida. Ila kwa mume wangu tu alikuwa na adabu, kama kwa mgeni. Lango likilia, baba hasemi kitu. Pasi anaingia, anaamkia, anaitikiwa vizuri kabisa, basi.

Pasi alitaka kuyarudisha mabwawa kama yalivyokuwa, lakini hakujua njia. Ilibidi aulize. Alikaa kwenye stuli mbele ya mzee wakati mimi nashona kola, akauliza, "Baba, maji niyashushe kiasi gani?" Baba akageuka kwangu. "Mwambie mumeo ashushe bwawa moja tu kwanza, polepole, tope litokeze nusu. Asiyashushe yote pamoja, ndege watapata leo wakose kesho." Nikamtazama Pasi, hatua mbili kutoka kwangu. Nikamwambia, "Anasema ushushe moja kwanza." Akasema, "Nimesikia." Akauliza habari ya matete. Baba akanijibu mimi. Siku moja tu alijisahau. Pasi alimuuliza alijuaje hayo yote, na baba akacheka, akasema, "Sikujua! Lile lango la maji lilishika kutu, nikaona uvivu kulitengeneza. Maji yakashuka, ndege wakaja kwa fujo. Nikaendelea na uvivu wangu." Wakacheka wote wawili. Kisha baba akakumbuka, nikaona anakumbuka, kicheko kikamwisha usoni, akaniomba maji ya kunywa.

Mume wangu aling'oa mawe yake mwenyewe, yale aliyoyapaka chokaa. Akabomoa kingo zilale. Akashusha maji, tope likatoka, jeusi, linanuka, na waliopita njiani wakarudia kuziba pua. Msimamizi alikuja akamwambia, "Pasi, umepatwa na nini? Umeanza uvivu wa mzee?" Akajibu, "Ndiyo, bosi." Picha yake ikashushwa ukumbini. Majirani wakamkuta anarudi na tope mpaka kiunoni, wakamtania, "Pasi, umeme umekatika?" Mtu ambaye zamani angebadili njia kwa kukosea jina alipita katikati yao na tope lake, akawasalimu mmoja mmoja. Nilikuwa dirishani. Sikumwambia kwamba nilimwona.

Ndege hawana haraka ya kumsamehe mtu. Tope likakaa tupu. Likapata wadudu. Matete yakachipua, membamba kama nywele za mtoto. Mvua zikaja, zikapita. Kila jioni namtazama usoni anapoingia, na usoni hamna kitu.

Halafu siku moja aliingia mbio, hata lango hakulifunga. Alisimama mlangoni mwa sebule anahema. "Baba," akasema. "Kitwitwi wamerudi. Wapo kwenye tope, kundi zima. Na yangeyange mmoja."

Baba alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini. Nikaona kila kitu usoni mwake kinataka kuinuka. Lakini alisema, "Vizuri," kisha akageuka upande wa cherehani. "Mwanangu, kesho ukipata nafasi, pita bwawani ukanitazamie."

Pasi alisimama pale kidogo, akaitikia, "Ndiyo, ni vizuri akatazame," akatoka kwenda kunawa.

Nilikwenda. Nilikaa ukingoni nimekanyaga tope na viatu vyangu vizuri, nikawatazama mpaka nikashiba. Pasi hakunikaribia, alifanya kazi zake kule mbali. Ila nilipoondoka alinifuata hadi njiani, akasema, "Mwambie kama ulivyoona. Usiongeze kitu."

Nyumbani baba alinivutia kiti mwenyewe, kwa kupapasa. "Umewaona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, baba."

"Wanakimbiaje?"

Mimi ni fundi wa nguo, ndege siwajui kuwaeleza. Nikamwambia miguu yao inakwenda kama sindano ya cherehani yangu nikikanyaga sana, na kisha inasimama ghafla kama uzi umekatika. Baba akacheka. Alicheka kicheko chake chote, kile cha kupiga mkono wa kiti, mpaka akakohoa, akajifuta machozi, akataka nimweleze tena, na tena yangeyange alisimama upande gani wa maji.

Nilikuwa nimesikia lango likilia kitambo. Pasi alikuwa amefika, amesimama nje ya pazia la sebule, vidole vya miguu yake naviona chini ya upindo. Alingoja mpaka kicheko kikaisha. Alingoja na baba akapumua. Kisha, katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akasema, "Hodi."

Baba alijiweka sawa kitini, akavuta shati likae vizuri. "Karibu," akajibu, kwa adabu zote, kama anavyomkaribisha mtu asiyemjua.